Si Kila Kinachokwenda Juu Kimepanda

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wangu, wahariri, na ninyi vijana mnaoingia katika kazi ya kutafsiri, habari za mchana.

Nimekuja na neno moja tu. Ni la Kiingereza, lina herufi nne, na hata mtoto wa shule ya msingi analijua: "rise". Ukimwuliza mtoto huyo maana yake atakujibu papo hapo kwamba ni kupanda, na hatakuwa amekosea. Shida inaanza pale mtu mzima anayelipwa kwa kazi hiyo anapokuwa na jibu hilohilo moja. Siku hizi fungua gazeti, washa redio, soma karatasi ya zahanati au tangazo la benki: kila kitu kinapanda. Bei inapanda, joto linapanda, maji yanapanda, idadi inapanda, wasiwasi unapanda. Kupanda si neno baya, nitalisifu baada ya muda mfupi. Ila limetwishwa mzigo wa ndugu zake wote, na ndugu hao wanakaa bure nyumbani mpaka tunawasahau majina.

Niwaeleze nilivyojifunza mimi, maana nilijifunza kwa kumtia mtu hofu.

Nilikuwa na miezi michache tu katika chumba cha habari cha redio. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza habari za nje ziwe Kiswahili cha taarifa ya jioni. Siku hiyo ilikuja habari ya mradi wa maji nchini Kenya, na ndani yake palikuwa na sentensi ya kumwelekeza msomaji asiyeijua nchi: kwamba mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, "rises" katika milima ya Aberdare. Nikaandika mbio mbio, "Mto Tana unapanda katika milima ya Aberdare." Mhariri alikuwa na haraka kunishinda. Ikasomwa hivyo hivyo. Na ilikuwa masika. Haikupita nusu saa simu ikalia, na kwa kuwa nilikuwa karibu nayo nikaipokea. Alikuwa baba mmoja ambaye nduguze wako upande wa Garissa, na mbuzi wao wako bondeni. Hakupiga ili kulalamika. Aliuliza kwa adabu kabisa: "Mwanangu, mmesema mto unapanda huko juu. Umepanda kiasi gani? Niwaambie wahame usiku huu, au wangoje kukuche?"

Nikairudia sentensi ya Kiingereza. Haikuwa na tone la mvua ndani yake. Ilisema tu kwamba mto huo unaanzia Aberdare, kwamba huko ndiko liliko chimbuko lake. Mwingereza husema mto "rises" pale unapochimbuka, na mto huohuo ukijaa husema tena kwamba "rises". Maana ya kwanza ni ya mwalimu wa jiografia. Ya pili ni ya mama anayebeba watoto usiku. Sisi hatuzichanganyi kabisa: mto huanzia, huchimbuka, hutoka, na mto hujaa, hufurika. Lugha yangu ilikuwa imeniwekea tofauti hiyo tayari, mimi nikaifuta kwa uvivu wa dakika moja. Nilimwomba radhi yule baba, nikamweleza, na taarifa iliyofuata ikarekebishwa. Tangu siku hiyo, nikilikuta neno hilo huinua kalamu kutoka kwenye karatasi kwanza.

Kwa nini Kiingereza kimelipa neno moja kazi nyingi hivyo? Si kwa sababu ya umaskini. Kiingereza kina maneno mengi ya kwenda juu, na mengine yaliletwa na wageni waliokuja kwa upanga. "Rise" na "climb" ni ya wenyeji, ya tangu Kiingereza cha kale. "Raise" lilikuja na watu wa kaskazini, wale mabaharia wa Skandinavia walioivamia Uingereza kuanzia mwisho wa karne ya 8 na baadaye wakahamia hapo. Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066 Kifaransa kikakaa ikulu, na maneno kama "mount" yakaingia kwa mlango huo. "Ascend" ni la Kilatini, lugha ya kanisa na ya wasomi. Ndiyo maana kwa Kiingereza unaukwea mti kwa neno la kijijini, lakini mfalme anakipanda kiti chake cha enzi kwa neno la Kilatini. Nasi tukifika hapo kwenye kiti cha enzi hatupandi kabisa. Mfalme wetu hutawazwa, hukalia kiti. Kwao ufalme una ngazi za kuupandia, kwetu ni mahali pa kukaa. Mfasiri asiyeliona hilo ataandika "alipanda kiti cha enzi", na msomaji atamwona mfalme amesimama juu ya kiti na viatu vyake.

Sasa tuje nyumbani.

Nimekulia Pangani, na pale kwetu minazi ilikuwa mlangoni. Siku ya kuangua nazi bibi yangu alikuwa akinituma: "Nenda kamwite mkwezi." Hakuwahi kusema nimwite mpandaji. Mkwezi alikuja peku, panga limechomekwa kiunoni kwa nyuma, na kamba fupi aliyoifunga kitanzi cha kutilia miguu. Aliutazama mnazi kwanza kutoka shinani hadi kileleni, kama mtu anayemsoma mtu. Kisha aliukumbatia, akatia miguu, akavuta magoti, akanyoosha mgongo, akavuta tena. Kwenye minazi ya zamani palikuwa na alama zilizochongwa kwenye shina, moja juu ya nyingine, za kutia kidole gumba na unyayo. Akifika juu alizigonga kwa mgongo wa panga, akisikiliza ipi ni dafu, ipi ni koroma, ipi imekomaa kuwa nazi. Ndipo alipotupigia ukelele tukae mbali.

Huko ndiko kukwea. Ni kwenda juu kwa mikono na miguu, mwili mzima ukifanya kazi, na hatari ya kuanguka ikiwepo kila hatua. Mtu anayepanda ghorofa kwa lifti hakwei. Anayeukwea mwamba anakwea kweli. Na yule mtoto anayeurukia mwembe bila kutazama anakanyaga wapi, huyo hakwei wala hapandi, huyo anauparamia. Kijana anayelirukia basi likiwa limeshaondoka analidandia. Kwa Kiingereza wote hao wanaweza kuingia katika neno moja. Kwetu kila mmoja ana neno lake, na neno hilo linabeba hukumu: ukisema mtu ameparamia, umeshasema kwamba hakutumia akili.

Nataka mziangalie tena zile alama zilizochongwa kwenye shina la mnazi. Jina lake ni vidato, kimoja ni kidato. Ndiyo, kidato hichohicho. Watu waliotafuta jina la madarasa ya sekondari walilichukua neno la mkwezi, wakatupa kidato cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Kila mara mzazi anaposema mwanangu yuko kidato cha nne, anasema bila kujua kwamba mwanawe yuko kwenye mnazi, amekanyaga kidato cha nne kutoka chini, na nazi bado ziko juu. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyowapa wanafunzi wake picha nzuri zaidi ya hiyo. Na ninasikitika kuona kwamba walimu wengi wa Kiswahili hawaisimulii darasani. Isimulieni.

Kukwea lenyewe halijafa. Waandishi wa michezo wanalitunza: timu hukwea kileleni mwa msimamo wa ligi, na kwa kweli hao wa michezo wanastahili shukrani yetu, maana wao ndio wanaotumia kupaa, kukwea, kupanda daraja, kuchupa, kila siku, tena mahali pake. Na vijana mtaani wakisema msanii fulani "amekwea pipa" wana maana amepanda ndege. Neno la mkwezi wa Pangani limefika uwanja wa ndege.

Niliahidi kulisifu neno kupanda. Kupanda ni neno pana na la kirafiki. Unapanda mlima, unapanda kitanda, unapanda jukwaa, unapanda punda na pikipiki. Unapanda daladala. Unapanda hata dau, ingawa kutoka gatini mguu wako unakwenda chini na si juu, kwa sababu katika kupanda kilicho muhimu ni kwamba kitu kingine sasa kimekubeba. Kiingereza hakina hilo ndani ya "rise", kwa hiyo msidhani kwamba upana uko upande mmoja tu.

Na linatupa mtego wetu wenyewe. "Watoto wamepanda mti." Wako matawini, au wamefukia mche ardhini? Mzee akikuonyesha mwembe na kusema "huu niliupanda mwenyewe", utamwelewa kwa kumtazama umri wake na wa mwembe. Lakini karatasi haina umri. Aliyeandika tangazo la shule kwamba "kila mwanafunzi atapanda mti mmoja" alibahatika kwamba watoto wote wameshazoea siku za kupanda miti. Kazi yenu ni kuyatumia matawi ya neno ambayo hayachanganyi. Anayepanda mbegu ni mpanzi, kama yule wa mfano wa Injili aliyetoka kwenda kupanda. Anayepanda farasi ni mpanda farasi. Mche ukihamishwa unapandikizwa, bendera inapandishwa. Ukiona sentensi yako ina ukungu, usiulize kamusi neno jipya, uliza kwanza mnyambuliko.

Kuna kupanda kwingine ambako hunigusa zaidi. Mwingereza akikasirika, hasira yake "rises", huinuka ndani yake kama mvuke kwenye sufuria. Sisi tunasema hasira zimempanda. Angalieni nani yuko juu ya nani. Kwetu hasira ni mpandaji, na mtu ni mnyama wa kupandwa. Ni vilevile kwa pepo na mashetani: yanapanda kichwani, mtu anapandwa. Katika ngoma za pepo za pwani aliyepandwa huitwa kiti, kwa maana pepo amekuja kumkalia. Ukitafsiri riwaya na kuandika kwamba hasira yake "iliinuka", umetoa hisia ya Kiingereza kwa sauti za Kiswahili. Andika zilimpanda, na msomaji wako atamwona mtu aliyepoteza hatamu.

Tuje kwenye kupaa. Kupaa ni kwenda juu bila kukanyaga chochote. Ndege hupaa, moshi hupaa, tiara hupaa. Ndiyo sababu imani zetu zimelichagua. Wakristo husema Yesu alifufuka, kisha akapaa mbinguni; Kiingereza kingeweza kutumia "rise" kwa kaburi na kwa mawingu pia, Kiswahili kinakataa. Kufufuka ni kurudi kwenye uhai, kupaa ni kuiacha ardhi. Waislamu wana usiku wa Miraji, neno la Kiarabu lenye maana ya kupanda huko juu, na wazee wetu waliona heri kulipokea lenyewe lilivyo, maana tukio hilo halina mfano mwingine wa kulilinganisha nalo.

Na kuna jambo moja dogo ambalo kila ninapolifikia linanifurahisha kama mara ya kwanza. Wakatoliki kila tarehe 15 Agosti huadhimisha Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Mwanawe alipaa. Yeye alipalizwa. Mzizi ni uleule wa kupaa, ila umenyambuliwa: mmoja amekwenda kwa uwezo wake, mwingine amechukuliwa. Suala ambalo wanateolojia wanaweza kuliandikia sura nzima, sarufi yetu imelimaliza kwa silabi mbili, na bibi asiyejua kusoma akisali anasali kwa usahihi kamili.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya lugha hii, ndugu zangu. Kiswahili hakiulizi tu kama kitu kimekwenda juu. Kinauliza nani amekipeleka.

Inuka na inua. Zuka na zua. Ibuka na ibua. Fufuka na fufua. Panda na pandisha. Jozi hizi mnazijua tangu shule, mlizikariri kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani mkaziacha. Zichukueni tena, kwa sababu ndizo zana zenu za haki. Fikirieni habari ya kawaida kabisa: nauli. Kiingereza kimeandika kwamba nauli "rose". Wewe unaweza kuandika nauli zimepanda. Unaweza pia kuandika nauli zimepandishwa. Ya kwanza inasema jambo limetokea, kama mawingu yanavyotanda. Ya pili inasema kuna mkono. Msomaji akisoma zimepandishwa, swali linalofuata linamjia lenyewe: na nani? Kwa nini? Kwa idhini ipi? Sisemi mwandike zimepandishwa kila mara. Bei ya nyanya ikipanda kwa sababu mvua imeharibu mashamba, hakuna aliyeipandisha, na kumtafuta mchawi ni uongo. Lakini kama kuna barua, kuna sahihi, kuna kikao kilichoamua, basi kuandika zimepanda ni kumfunika aliyeketi kwenye kikao hicho. Vivyo hivyo uvumi umezuka, au kuna mtu ameuzua? Pima ushahidi ulio nao, kisha chagua. Uchaguzi huo ni kazi ya uandishi, usidhani ni mapambo.

Nikiwa hapo kwenye bei, niwaombe jambo moja la hesabu. Kupanda kwa asilimia 5 na kupanda hadi asilimia 5 ni habari mbili tofauti, na vineno hivyo viwili, kwa na hadi, vimeshapoteza watu wengi. Riba ikitoka asilimia 5 kwenda asilimia 6, imeongezeka kwa pointi moja ya asilimia, lakini ukilinganisha na ilivyokuwa, ongezeko hilo ni asilimia 20. Na mfumuko wa bei ukishuka, bei hazijashuka. Bei zinaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole kuliko mwanzo. Mama anayekwenda sokoni baada ya kusikia redioni kwamba mfumuko umeshuka, akakuta unga uko bei ileile au zaidi, anaona redio imemdanganya. Haikumdanganya, ila hakuna aliyemweleza. Sentensi moja ya ziada ingetosha.

Turudi jikoni, maana kuna neno ambalo linaniuma. Nimesoma kwenye pakiti ya unga wa ngano, kwa Kiswahili kilichotoka wazi kwenye Kiingereza: "Acha unga upande kwa saa moja." Upande wapi? Unga hauna miguu. Unga huumuka. Mama yangu alikuwa akikanda unga wa maandazi usiku, akaufunika kwa kitambaa, akaweka bakuli karibu na jiko lililobaki na joto. Alfajiri, kabla hajawasha taa, alikuwa akiuliza giza zima: "Umeumuka?" Alibonyeza kwa kidole, shimo likirudi polepole, alijua tayari. Hamira ilikuwa imekula sukari usiku kucha na kutoa hewa, hewa imenaswa ndani ya unga uliokandwa vizuri, na unga umejaa kutoka ndani kwenda nje. Hakuna kilichoupandisha kwa nje na haukwenda popote. Kuumuka ni kukua kwa kitu kilichotulia mahali pake. Neno zuri namna hiyo, lenye harufu ya hiliki ndani yake, limefukuzwa kwenye pakiti ya unga, mahali pake pa kwanza kabisa duniani. Mkipata kazi ya kuandika pakiti, lirudisheni.

Jua nalo halipandi linapotokea. Linachomoza, kama jino jipya la mtoto mchanga linavyotokeza kwenye ufizi, ncha kwanza. Kufika saa nne asubuhi ndipo tunasema jua limepanda. Mwezi mwandamo huandama. Maji ya bahari hujaa na hupwa. Mlima Kilimanjaro nao, ambao Kiingereza husema "rises" mita 5,895, kwetu umesimama hapo, una mwinuko wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Tunaopanda ni sisi.

"Raise" nitawapa kwa mfano mmoja tu. Wasifu wa mama mmoja kwa Kiingereza unaweza kusema kwamba "raised" kuku, "raised" watoto watano, na "raised" fedha za kujenga zahanati. Mara tatu neno moja, na kwa Kiingereza linapendeza hivyo. Kwa Kiswahili alifuga kuku, akalea watoto watano, akachangisha fedha. Kila kazi ina jasho lake, na jina lake linaonyesha jasho hilo. Na kama mama huyo alikuwa na malalamiko kwa wakubwa, aliyatoa, au aliyafikisha. Tafadhalini msimwandikie kwamba "aliinua wasiwasi".

Kuna maneno ambayo yamehama chini ya miguu yetu. Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952 ina mstari wa Isaya 60: "Ondoka, uangaze, kwa kuwa nuru yako imekuja, na utukufu wa Bwana umekuzukia." Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "arise" mwanzoni na "is risen" mwishoni, ukoo mmoja mara mbili. Wafasiri wetu waliweka ondoka kwa mtu anayeamka kutoka alipoketi, na zuka kwa utukufu unaotokea kama mapambazuko. Ni kazi ya mikono ya watu waliosikia lugha. Lakini mpe kijana wa leo mstari huo, atafikiri nabii anafukuza mtu. Kwake ondoka ni toka hapa. Zamani mtu aliondoka kitini, maana yake aliinuka tu, na hakuwa na safari. Sisemi turudishe maana hiyo kwa nguvu. Nasema mfasiri wa maandiko ya zamani awe na sikio la zamani, asije akamsahihisha mtu aliyekuwa sahihi.

Na maneno mengine yamehamishwa na watawala. Mwezi Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa Tanzania ya leo, watu wa Nandete waling'oa mipamba waliyokuwa wamelazimishwa kuilima. Walilazimishwa kupanda, wakang'oa. Moto huo ulienea kusini yote na haukuzimwa mpaka mwaka 1907. Vitabu vya Kiingereza huandika "rising", au "rebellion", na mfasiri wa haraka ataandika uasi wa Majimaji. Simama hapo. Uasi ni kumwasi mwenye haki ya kutiiwa. Ukiandika uasi umeshamkubalia Mjerumani kwamba nchi ilikuwa yake. Vitabu vyetu vinaandika Vita vya Majimaji, na kama unataka kitendo chenyewe, waliinuka. Neno hilo ni fupi, lina mgongo, na halimwombi mtu ruhusa.

La mwisho ni la Bunge, kwa sababu najua wengi wenu mtafanya kazi huko. Mkikuta Kiingereza cha Uingereza kimesema kwamba Bunge "rose" Ijumaa, wabunge hawakusimama kupinga lolote. Kikao kiliahirishwa, watu wakaenda nyumbani. Vivyo hivyo kwa mahakama. Kusimama kwetu kuna maana mbili, kuinuka na kukoma, kwa hiyo ukiandika "Bunge lilisimama" utakuwa umewapa wasomaji mafumbo mawili badala ya moja. Andika liliahirishwa.

Mezani, kila mmoja ana karatasi yenye sentensi saba. Ya kwanza ni ile ya mto Tana, kama nilivyoipokea siku ile. Chini yake nimeweka tangazo la tahadhari ya mafuriko, lenye neno lilelile. Tuanze na hizo mbili. Ziandikeni kana kwamba yule baba yuko kwenye simu na anasubiri.